Mistari Chini ya Uzi

Bibi tulimzika Ijumaa, na Jumamosi asubuhi wanawake wa mtaa wakanikabidhi beseni la mashuka yake nifue. Nilikuwa naanika foronya moja iliyochakaa nilipoona uzi umefumuka pembeni, na chini yake mstari wa wino wa bluu, umefifia lakini bado umepinda vilevile, mgongo wa ndege. Nikakaa chini palepale uani. Walionizunguka wakadhani ni uchungu wa msiba. Ulikuwa uchungu wa jambo la zamani, na acha nikusimulie taratibu.

Mama alipoolewa tena huko Kigoma, mimi nilibaki Tabora kwa bibi, katika nyumba yake ya mtaa wa Ng'ambo. Bibi alikuwa anachora vitambaa. Kila alasiri, michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ikitokota jikoni na harufu yake imefika mpaka barabarani, alitandika mkeka kibarazani, akalaza shuka jeupe juu ya ubao, akaanza. Hakupima wala hakufuta. Yalitoka maua, majani, na hasa ndege kanga, wale wenye madoa, shingo zimegeuka nyuma kama walioitwa na mtu.

Wenye mashuka hayo walikuwa wasichana wanaojiandaa kuolewa. Bibi akimaliza kuchora, shuka lilikwenda kwa jirani yetu aliyekuwa akidarizi, naye alipitisha nyuzi za rangi juu ya mistari mpaka wino usionekane hata chembe. Huo ndio ulikuwa ufundi: mstari upotee kabisa. Siku ya harusi kitanda kikitandikwa, wanawake walijaa chumbani kushangaa, na sifa zote zilikuwa za jirani. Bibi naye alishangaa pamoja nao, akapiga vigelegele. Kazi yake waliiita kupiga mistari. Nenda kwa bibi akupigie mistari, walisema, kama vile kumtuma mtu kisimani.

Bibi hakulalamika. Ila alipenda kusimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuliza pembe zile zilifika kwa mabega ya nani.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu, kijana mgeni aliyehamia kutoka Nzega, alitutaka kila mmoja alete mchoro wa kupamba ofisi. Nilikaa mbele ya karatasi mpaka ugali ukapoa, nikashindwa. Asubuhi nilichukua karatasi ambayo bibi alijaribia kanga wake kabla ya kuwaweka kwenye shuka. Nilijiambia kwamba angeitupa tu.

Mwalimu aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii umechora wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Mchoro ukawekwa ndani ya fremu ya kioo, jina langu chini yake kwa wino mwekundu. Wenzangu ambao hawakuwahi kunichagua kwenye mchezo wa rede wakaanza kugombania kukaa na mimi. Waliniomba niwachoree kwenye madaftari, na kwa kuwa niliogopa kuumbuka, ikabidi nijifunze. Kila jioni nilikopi kanga wa bibi kwa siri, mguu kwa mguu, doa kwa doa. Watu wakiniuliza leo nilianzaje kuchora, ukweli ni huo: nilikuwa naficha uongo.

Siku ya wazazi ikafika. Bibi alivaa khanga mpya, akaingia ofisini pamoja na wenzake, akasimama mbele ya kile kioo. Mwalimu alimwamkia, akamuuliza mjukuu wake huyu kipaji amekitoa wapi. Bibi alinitazama mara moja tu, kisha akarudisha macho kwenye karatasi.

"Ndivyo alivyojaliwa," akasema.

Njiani nilisubiri anigombeze. Tulipita soko, tukapita reli. Karibu na nyumbani ndipo akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Sikujua wanapendeza hivyo bila uzi."

Tangu siku ile bibi alibadilika. Aliniomba karatasi za katikati ya daftari, akawa anachora vitu ambavyo hakuna bibi harusi angeviagiza: wanawake wanaorudi kutoka kuokota uyoga, mama yake akitwanga, abiria waliolala stesheni kusubiri treni ya Mpanda. Watu wake nao waligeuza shingo. Kiangazi chote alikuwa akiimba huku anachora, na michembe iliungua zaidi ya mara moja. Sijawahi kumwona na furaha namna ile, kabla wala baada ya hapo.

Siku moja alichagua karatasi moja, ya wale abiria, akaikunja kwenye khanga, akaniambia nimsindikize kwa mwalimu. Hakueleza anataka nini. Nadhani alitaka tu mtu mwingine aione.

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwema, na hilo sitalificha. Aliitazama, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Naona mjukuu ameanza kukufundisha, bibi. Mikono yenu inafanana. Usikate tamaa, mwache akuelekeze pole pole."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kulikuwa na nafasi ya kusema, ndefu tu, kwa sababu bibi hakujibu haraka. Niliangalia vumbi la chaki kwenye sakafu.

"Haya, mwanangu, nimeshukuru," bibi akasema, akaikunja karatasi yake.

Zile nyingine ziliwasha jiko la mkaa wiki ile. Nilizikuta zinaungua na sikuokoa hata moja. Kwenye mashuka alirudi kuchora maua tu, na msichana akimwomba kanga alimjibu kwa upole kwamba hao wako kwa mjukuu wake.

Mimi nimekuwa mchoraji wa vitabu vya watoto. Kanga wenye shingo zilizogeuka wamenipa jina. Niliwahi kumletea bibi kitabu changu cha kwanza; alikipapasa ukurasa kwa ukurasa, akaniambia mguu wa nyuma wa kanga mmoja nimeukosea. Alikuwa sahihi.

Siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa wamejaa uani baada ya dua, nilisimama nikasema yote. Mwalimu, mstaafu sasa na mwenye mvi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia waombolezaji watazame jinsi bibi alivyonilea kwa unyenyekevu, kwamba hata sifa zangu nataka kumpa yeye. Watu wakaitikia. Wengine walifuta machozi.

Jioni yake jirani aliyekuwa akidarizi aliniita pembeni. Haoni vizuri siku hizi, akanishika mkono kwanza ili ajue nilipo.

"Mimi nilijua siku ileile ya wazazi," akasema. "Bibi yako aliniomba nisikuaibishe. Lakini sikunyamaza kwa ajili yako, mwanangu. Hata mimi sifa za mistari yake zilikuja kwangu."

Tulikaa hivyo mpaka wakaja kututafuta.

Nimezunguka mtaa nikiuliza nani bado ana mashuka yale. Yamekuwa matambara ya kudekia, mengine walizikwa nayo wenyewe. Maharusi wa sasa wananunua mashuka yenye maua ya kiwandani, na kibaraza cha bibi kimezibwa kwa matofali kikawa duka la vocha. Kitabu changu kipya kinatoka karibuni. Nimewaambia wachapishaji waweke jina la bibi ukurasa wa mbele kabisa, peke yake, kwa herufi kubwa. Wataliweka. Na wasomaji watadhani ni tabaruku, mjukuu kumtunukia bibi yake kitabu.