Aliyekuwa Anagonga Chumba cha Mzee

Baba tulimzika Jumanne. Jumatatu iliyofuata akaanza kugonga.

Msinicheke. Mimi ni fundi wa matanuru ya kupashia nyumba joto. Shule niliikimbia mapema, ila tanuru nalijua. Na mizimu nilikuwa nasema ni stori za walevi.

Lakini nilisikia kwa masikio yangu. Ngo. Ngo. Ngo. Halafu moja kubwa: NGO!

Ilitoka ukuta wa chumba cha mzee Reino, baba yangu.

Hapa Eveleth, mji wetu wa theluji, Januari tanuru likizima mnakutwa mmekauka kama samaki wa friji. Kwa hiyo usiku linapunguzwa tu, na kila asubuhi saa kumi na mbili linawaka kwa nguvu. Na kila likiwaka, mzee anagonga.

Kilichonitisha ni kwamba ndivyo alivyokuwa anatuita akiwa mgonjwa. Fimbo ukutani, mara tatu. Ukichelewa, anapiga moja ya hasira.

Na asubuhi aliyokufa aligonga. Nilikuwa mlangoni navaa buti. Nilisikia vizuri kabisa.

Nikasema mama yupo. Nikajikausha, nikaenda kazini.

Hilo sikumwambia mtu.

"Jalmer," mama akaniambia, "baba yako anataka kitu."

"Ni bati hilo, mama. Njia za hewa ni za bati, likipata moto linatanuka."

"Miaka thelathini na moja niko humu. Siku zote hizo lilikuwa halitanuki?"



Bi mkubwa alikuwa ameshafunga mizigo. Jumamosi anaondoka kwenda kwa dada yake Arizona, na harudi. Usiku alikuwa analala jikoni, kwenye kiti, na koti mwilini. Akiondoka, nabaki mimi na huyo anayegonga.

Nikashuka chini, nikalifungua tanuru lote. Nikasafisha vichomeo, maana vikiwa vichafu gesi inachelewa kushika moto, ikishika inapiga kishindo. Nikabadili mkanda wa feni. Nikakaza kila skrubu.

Kesho yake asubuhi: Ngo. Ngo. Ngo. NGO!

Kubwa kuliko jana.

Nikampigia Kovach, tunafanya naye kazi.

"Umeangalia matundu ya hewa vyumbani?" akauliza.

"Usinifundishe kazi."

"Nimekuuliza umeangalia au hujaangalia, we kichwa ngumu?"

"Nimeangalia."

"Yote?"

Nikamkatia simu.

Ukweli, sikuangalia hata moja. Fundi wa wiki ya kwanza angeanzia huko. Ila la kwanza liko chumba cha mzee, na ule mlango sikuwa nimeugusa tangu watoe maiti.

Ijumaa mchana nikaingia.

Aisee, baridi ya mle ndani! Glasi yake ya meno ya bandia ilikuwa dirishani. Maji yamekuwa barafu, meno yamegandia ndani yanachungulia. Fimbo imeegemea ukuta, palepale alipoiacha.

Nikapiga magoti, nikapapasa tundu la hewa sakafuni. Limefungwa. Juu yake kumebandikwa mkanda wa gundi, tabaka tatu.

"Mama! Nani kaziba hapa?"

Akasimama mlangoni, hakuvuka. "Mimi. Jumapili, wageni wa msiba walipoondoka. Nipashe joto chumba hakina mtu, ili iweje?"

"Na sebuleni?"

"Nimefunga. Na chumba cha kushonea. Alivyozidi kugonga nikaogopa asitufuate na huko, nikawa nafunga."

Nikacheka huku machozi yananitoka.

"Mama, tanuru linapuliza hewa, hewa haina pa kutokea. Inalisukuma bati lililopita ukutani, linabonyea, linarudi. Kila ukiogopa ukafunga chumba, linagonga zaidi."

Nikabandua mkanda, nikafungua tundu. Nikazunguka nikafungua yote. Tanuru nikalizima, nikaliwasha tena.

Feni ikaanza.

Kimya.

Hewa ya moto ikapanda chumbani, na chumba kikaanza kunuka mzee. Tumbaku na dawa ya kuchua.

Nilidhani mama atafurahi. Akaingia taratibu, akakaa kitandani.

"Kwa hiyo hakuwa ananiita mimi," akasema.

"Akuite wewe kwa nini?"

"Asubuhi ile aligonga, Jalmer. Nilikuwa nachemsha kahawa. Nikasikia buti zako mlangoni, nikajua utaenda wewe."



"Nilisikia, mama," nikasema. "Na mimi nilijua utaenda wewe."

Hakunipiga. Hakulia. Alinyoosha mkono, akagonga ukuta kwa vidole, mara tatu.

"Tumekuja, Reino," akasema. "Tumechelewa tu."

Jumamosi hakwenda popote. Analala chumba kile mpaka leo.

Wewe unayesoma, nyumba yako ikianza kugonga, usitafute mganga. Fungua matundu yote, na uanzie chumba unachokiogopa.

Na mtu wako akigonga, nenda wewe. Usiseme yupo mwingine jikoni.