Bibi Semgaya na Kaburi la Mashine

Usiku ule wa kuamkia mazishi ya Bibi nililala na viatu miguuni, kijijini, juu ya kitanda chake mwenyewe. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hana muda wa kufungua kamba za viatu.

Niieleze kwanza hiyo hasira, ndoto itakuja yenyewe.

Mimi ni mtu wa majeneza. Mji wetu huu wa baridi si mkubwa na si mdogo, una hospitali, stendi na makanisa ya kutosha, na ukisimama sokoni ukauliza nani anazika watu wakazikika, utatajiwa mimi. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza na randa ya kuazima na mbao za paini zilizopinda, zile ambazo wenzangu walikuwa wanachemshia chai. Leo nina karakana, nina duka ambalo majeneza yamepangwa nyuma ya kioo yakang'aa kama magari mapya, nina gari la kubebea marehemu, maturubai, viti, wapishi, na mashine ya kushushia jeneza taratibu mpaka wafiwa wanasahau kulia wanabaki kuishangaa. Waliosoma wakifiwa wanakuja kwangu wamevua kofia. Sikurithi, sikuiba, sikubebwa na mtu.

Ila Bibi. Mama yangu alifariki sijaota meno vizuri, na Bibi Semgaya, mama yake mama, akanilea kwa viazi. Alilima viazi, akauza viazi, tukala vile vilivyokatwa na jembe. Hata ile randa ya kwanza alikwenda kuniombea yeye.

Basi alipofariki nikasema, sasa watu wataona. Huduma tunazo za namna nyingi. Kuna ya mtu wa kawaida, jeneza la paini na gari, mengine mtajaza wenyewe. Kuna ya katikati. Na kuna Huduma Kamili, ambayo mfiwa hagusi kitu, na hiyo hata familia za wakubwa huwa zinaniomba nipunguze hapa na pale. Bibi nikampa Huduma Kamili. Jeneza la mninga, lenye dirisha la kioo na vishikio vya rangi ya dhahabu. Nikaleta kijiko, ile mashine ya kuchimbia mitaro, kikachimba kaburi shambani kwake siku moja kabla, mafundi wakashuka wakajengea tofali, wakabandika marumaru nyeupe ndani yote. Nikawaambia majirani, kaeni kwenye viti, kunyweni soda, kila kitu kimelipiwa.

Hapo ndipo walipoharibu.

Kijijini kwetu mtu akifa haitwi mtu. Asubuhi ya mazishi wanaume wanakuja na majembe, wanawake wanakuja na kuni kichwani na unga kwenye ungo, wanachimba, wanapika, wanazika. Na kaburi haliachwi kulala wazi. Linachimbwa siku hiyohiyo, mwenyewe anaingia, linafungwa. Mzee Mlowe, ambaye ndiye mkuu wa wachimbaji miaka yote, akaja na jembe lake begani kuulizia kesho wachimbe upande gani. Akakuta shimo tayari. Akachungulia.

"Obedi," akaniambia, "hili kaburi au bafu?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mzee, hayo ndiyo maendeleo."

"Na litalala wazi?"

"Nimelifunika turubai."

Akatingisha kichwa, akalirudisha jembe begani. "Sawa. Una mashine, bwana mkubwa. Basi izike mashine."

Akaondoka. Wakaondoka wote nyuma yake. Wanawake waliokuwa wameshatangulia kutua kuni uani wakajitwisha tena, mmoja mmoja, wala hawakugomba. Mpaka jua linazama nimebaki na viti vyangu vyekundu na wafanyakazi wangu wenye sare. Mke wangu akasimama mlangoni akasema, "Baba Neema, kesho utazika na nani?"

"Na pesa yangu," nikamjibu.

Lakini nilijua. Nimezika watu wengi, naijua sura ya mazishi yasiyo na watu. Mchungaji anasoma haraka, na mji mzima unapata habari kabla hujatoka makaburini. Bibi yangu, kesho, angezikwa vile. Nikajitupa kitandani na viatu vyangu.

Nikaona ni mchana, niko dukani kwangu mjini. Nafuta vumbi kwenye majeneza, kazi ambayo siku hizi siifanyi, ninao vijana. Mlango unafunguliwa, anaingia Bibi. Kajifunga ile kanga yake ya shamba na kikapu mkononi, na udongo kwenye kucha. Anaingia kama alivyokuwa akiingia duka lolote, kama mtu ambaye hajaja kununua.

Nikakumbuka kwamba amekufa. Sikuogopa. Nasema kweli mbele ya Mungu, kilichonijia kichwani ni kumuuzia.

"Kamwene, Bibi."

Haitikii salamu. Anasimama mbele ya lile la mninga. "Hili bei gani?"

"Lako hilo. Bure."

"Sikuuliza la nani. Bei gani?"

Nikamtajia. Akaguna lile guno la sokoni, la mtu aliyetajiwa bei ya mbuzi akaoneshwa kuku. Akafunua kifuniko, akabonyeza ule mto wa ndani kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza kiazi kujua kimeoza au la.

"Kioo cha nini?"

"Watu wakuone, Bibi."

"Walikuwa wananiona kila siku njiani. Wakawa wanatazama pembeni." Anafunga kifuniko. "Kuchimba?"

"Imo humo."

"Kupika?"

"Imo."

"Na kunifukia?"

"Vijana wangu. Wana sare na glavu nyeupe."

"Wananijua?"

Nikapitisha kitambaa cha vumbi juu ya kifuniko. Mimi, ambaye mteja hajawahi kunishinda kwa maneno. Nikasema, "Watakujua kesho," na nikasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka.

Sakafu ya duka ikawa laini chini ya viatu vyangu. Nikatazama, ni udongo, ni matuta, ni shamba la viazi, ukungu umelala mpaka magotini na Bibi yuko mbele yangu ameinama analima. Kila akiinua jembe kinachotoka si viazi. Ni kuni. Kuni kavu, zimefungwa mzigo mzigo kwa kamba za magome, kila tuta mzigo wake. Anazitoa anazipanga, hachoki, na umri wake ule.

"Huu nilipeleka kwa Mlowe, mkewe alipofariki," anasema. "Huu kwa yule jirani wa bondeni aliyesema mimi mchawi, alipofiwa na kitukuu. Huu kwa yule mwenye duka."

"Yule aliyekunyima chumvi?"

"Huyohuyo. Alifiwa na mama."

Hapo hasira ikanipanda, nikamfokea, mtu mzima namfokea marehemu shambani. Nikamwambia, Bibi, hawa ni watu gani? Mvua ilipobomoa jiko lako nani alikuja? Nilijenga mimi. Ulipolazwa nani alikuletea hata uji? Nililipa mimi, kitanda mimi, dawa mimi. Wakati miguu inakuvimba walikuwa wanapita hapo njiani na majembe yao hayohayo wanakwenda vilabuni kunywa ulanzi. Walikusengenya mpaka siku ya mwisho.

"Najua," anasema.

"Unajua?"

"Na mimi niliwasengenya. Vizuri sana."

"Sasa?"

Akanyooka, mkono kiunoni. "Sasa ndio hao. Sina wengine."

"Unaye mimi."

Akanitazama. Jicho lile nalijua, ndilo alilonitazama nilipomletea ubao wa kwanza niliouranda mwenyewe, umepinda. Hakunicheka siku ile na hakunicheka sasa.

"Wewe ni wangu," anasema. "Mtu akizikwa na walio wake tu, huyo amefukuzwa kijijini. Mimi nilihama lini, Obedi? Nilimkosea nani hata unifukuze?"

 Ile mizigo ya kuni iko mabegani kwangu, sijui imefikaje, na mimi natembea nayo, na shamba limekwisha. Tuko kwenye lile shimo langu. Turubai halipo. Marumaru inang'aa kama ndani ya friji. Bibi ameketi ukingoni ananing'iniza miguu kama mtoto kwenye mto, na ile miguu haijavimba tena.

"Baridi," anasema. "Kama kule ulikoniweka." Yaani mochwari. "Fukia hili."

"Bibi, kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Lazima liingie kitu, litaita mtu mwingine."

Akacheka. Meno yake mawili yale. "Kumbe unajua desturi!"

Nikaona aibu.

"Litie lile sanduku lako."

"La mninga?"

"Si umesema lina kila kitu? Basi na mtu halitakosa."

"Bibi, unajua lile nimelitengeneza kwa muda gani?"

"Mlowe atanichimbia pembeni ya babu yako," anaendelea, kana kwamba sikusema kitu. "Unitie kwenye paini. Uende kwake kwa miguu, usipige simu, usitume mtoto. Na ukifika usitaje bei ya kitu chochote." Anajipangusa udongo mikononi, anachukua kikapu chake. "Nenda basi. Wataanza kwenda mashambani."

Nikamwita. Nilitaka kumuuliza kama ameridhika, kama ameona nilikofika, gari na duka na watu wenye elimu wanaonisalimia kwanza. Nikamwita mara ya pili, na sauti niliyoisikia ni yangu, chumbani, na mke wangu amenishika bega ananiambia amka, unaota.

Jogoo walikuwa wameanza. Dirishani kijivu, ukungu wa kwetu ule unaoingia mpaka kwenye blanketi. Nikakaa kitandani nikapiga hesabu ya mninga, kioo na vishikio, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara na ndoto hainifuti akili. Hesabu ikaniuma. Sisemi nilikosea. Mpaka hapa ninapoandika naona marumaru ni heshima na watu wale ni watu wabaya. Lakini alisema *sina wengine*, na mimi nani nimbishie? Nikasimama. Angalau viatu nilikuwa navyo.

Mzee Mlowe nilimkuta jikoni, anakota moto, bakuli la uji mkononi. Jembe lake liko ukutani pamoja na mengine ya wanawe. Hakunikaribisha.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene. Mashine imegoma kuwaka?"

Kuna maneno mtu huwa anayo tayari kwa swali kama hilo. Nikayameza yote, yakashuka kama mawe.

"Bibi kanituma."

Bakuli likasimama njiani kuelekea mdomoni. "Anasemaje?"

Nikamweleza. Shamba, kuni, alivyokaa ukingoni. Lile la jirani wa bondeni pia. Nilipofika kwenye jeneza nikaharakisha. Hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini kabisa.

"Sanduku lote? Na kile kioo?"

"Na kile kioo."

"Na vile vishikio?"

"Mzee!"

Akaweka bakuli chini. Akatoka uani, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti kuelekea kwenye ukungu, upande wa nyumba za jirani. "Enyi! Amkeni huko! Semgaya anatuita!" Mbwa wakabweka. Mlango ukafunguliwa mahali, sauti ya mwanamke ikauliza kuni zipelekwe lini, akamjibu sasa hivi.

Nikasogea nikachukua jembe moja pale ukutani, nimsaidie, nisionekane nimekuja kuomba tu. Akarudi ndani akanikuta nalo. Akalitoa mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Wewe umefiwa," akasema. "Kaa."

Nikakaa, kwenye kigoda chake, mbele ya moto wake. Nje nikawasikia wakiitana mlango kwa mlango, majembe yanagongana, na kicheko kinapita humo katikati, na anayechekwa namjua. Nikawaacha wacheke. Walikuwa wanakwenda.