Koti la Baridi Mwezi wa Julai

Saveta Moruz alikuwa mwoga, wala hakuuficha woga wake. Aliogopa dubu, radi, mbwa wa wachungaji na simu inayolia wakati watu wanakula. Zaidi ya vyote aliogopa upepo unaopita chumbani dirisha na mlango vikiwa wazi pamoja. Bukovina nzima, kule kaskazini mwa Romania, inauogopa upepo huo, unaoingia shingoni, ukashuka kwenye figo, na mtu aliyelala mzima akaamka mdomo umekwenda upande. Lakini Saveta aliwapita wote. Katika makao ya watoto yatima alikokuwa mlezi, pale ukingoni mwa mji, madirisha yalifungwa hata mwezi wa Julai, na watoto walitoka jasho kwa adabu.

Kila kiangazi walikuja vijana wa kujitolea kutoka nchi za nje. Siku za kazi walicheza na watoto na kuwafundisha nyimbo. Mwisho wa wiki walibeba mikoba mgongoni wakaenda kutazama monasteri zilizochorwa kuta, ngome za Transilvania, ndege wa kwenye delta ya Danube, kisha wakarudi Jumapili pua zimeiva kwa jua. Saveta hakuwachukia. Aliwaogopa tu, kwa sababu mtoto huzoea mtu upesi, na hawa walikuwa watu wa kuondoka.

Mwaka ule alikuja Mdenmark mmoja mrefu, Signe, mwenye kucheka ovyo na mkono mwepesi wa kufungua madirisha.

"Dada Signe, funga hilo, utaniulia watoto."

"Ni upepo tu, mama Saveta."

"Kwani mimi nimesema ni nini? Si ndiyo huo upepo?"

Signe alifunga, Saveta akageuka, dirisha likafunguliwa tena. Hivyo ndivyo walivyoishi, na haikuwa vibaya. Ubaya ulikuja pale Signe alipoomba ruhusa ya kumchukua Zamfira milimani Jumamosi moja. Zamfira alikuwa msichana wa miaka saba, mkimya, na kila siku alipanda juu ya ndoo nyuma ya chumba cha kufulia ili aone treni ikipita. Hakuwa amewahi kuipanda. Mkurugenzi, Bwana Hulubei, akakubali bila hata kuinua kichwa.

"Bwana mkurugenzi, mtoto hajatoka hapa hata mara moja," Saveta alisema.

"Ndiyo maana anatoka."

"Na wakichelewa?"

"Wakichelewa utawapashia supu. Wewe Saveta, lango likifunguliwa unadhani linatoka jeneza."

Alisema kwa mzaha, lakini kwa Saveta haukuwa mzaha. Yeye mwenyewe alikulia katika makao kama haya, mbali kidogo, pamoja na kaka yake Toader. Asubuhi moja ya kiangazi, watu wazima wakiwa kwenye majani wanakata nyasi, alivalishwa koti lake la baridi, akaambiwa, "Twende tukatembee." Nje lilikuwa linangoja gari. Toader alibaki dirishani. Saveta alipelekwa makao mengine katika wilaya nyingine, na hakumwona tena kaka yake maisha yake yote. Hakuwahi kumsimulia mtu, maana hakujua angeanzia wapi.

Desturi haikubadilika sana. Mtoto anayehamishwa huondoka na nguo zake zote, na ikiwa ni kiangazi, koti la baridi huvaliwa au hubebwa mkononi, kwa sababu hatarudi kulichukua. Hakuna anayewaambia watoto jambo hilo. Wanalijua wenyewe. Mwaka uliotangulia, siku mapacha wawili walipotelemka ngazi wakiwa na makoti, chumba kizima cha chakula kilinyamaza na vijiko vikabaki ndani ya supu.

Ijumaa ile Saveta hakupata raha. Akilini alimwona Signe kwenye treni madirisha yote wazi, na Zamfira amekaa katikati ya upepo. Akamwona mtoto mlimani anatetemeka mvuani. Akaenda stoo, akatoa koti la Zamfira, lile la bluu lenye kofia ya manyoya, akalikunja vizuri na kulisukumiza chini kabisa ya mkoba wa Signe, chini ya mkate na jibini, ili Signe asilikute mapema akalicheka. Kisha akapumua kidogo. Kichwa chake kilikuwa kimejaa upepo, wala hakikuwaza kitu kingine.

Jumamosi mchana simu ililia wakati watoto wanakula mamaliga, ugali wao wa manjano. Saveta aliipokea kwa mkono uliolowa. Alikuwa Signe, analia, na maneno ya Kiromania yanamponyoka.

"Mama Saveta, Zamfira hayupo. Amekimbia."

"Amekimbia vipi? Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu! Mvua ilikuja, baridi. Nikatafuta kwenye mkoba, nikakuta koti. Nikamwambia, vaa. Akaliangalia. Akaniangalia mimi. Halafu akakimbilia kule kwenye nyasi, na karibu kuna msitu, watu wanasema dubu wapo."

Saveta alikaa chini sakafuni pale pale penye simu. Aliyelitia koti lile ni yeye. Kati ya watu wote wa nyumba ile, ni yeye.

Dereva wa makao, Gavril, alimpeleka kwa gari la kubebea mboga. Gavril alikuwa mtu wa kusema sana, na akiogopa alizidisha.

"Dubu hana shida na mtoto mwembamba, dada Saveta. Atamwangalia aseme, huyu hata kifungua kinywa hatoshi."

"Nyamaza, Gavril."

"Nasema tu ili upoe."

"Mimi sipoi. Endesha."

Njia ilipanda, mvua ikapiga kioo, na Saveta akawa anaona kila kitu kwa wakati mmoja: kijito kimejaa, jiwe linateleza, kiatu kimoja kidogo kwenye matope. Alijaribu kusali, akasahau maneno aliyoyasema kila jioni na watoto.

Walipofika, mvua ilikuwa inakatika. Uwanda wote ulikuwa wa nyasi zilizokatwa na kurundikwa, marundo marefu kuliko mtu, mengi mno, na nyuma yake msitu mweusi wa misonobari. Wakata nyasi walikuwa wametawanyika wanaita, "Zamfira! Zamfira, toka!" Mbwa wa wachungaji walibweka kuelekea msituni, wala si kwa mzaha. Signe alisimama njiani amelikumbatia koti la bluu, midomo imebadilika rangi.

"Nilidhani nimelisahau mimi ndani ya mkoba," alisema. "Sikujua limetoka wapi."

"Limetoka kwangu. Nipe."

Saveta akawaomba wale watu waache kuita. Waliona ni wazimu, lakini waliacha. Akaingia peke yake katikati ya marundo, akawa anasema kwa sauti ya kawaida tu.

"Zamfira, ni mimi. Kitanda chako kimetandikwa. Hakuna aliyekivua shuka."

Mbwa walibweka tena, safari hii karibu zaidi na miti.

"Koti nimelitia mimi, kwa sababu ya baridi. Huendi popote."

Saveta aliutazama msitu. Kama mtoto yumo mle, basi yeye Saveta anaongea na nyasi tu. Na kama yumo humu, kwa nini amwamini? Maneno yale yale Saveta mwenyewe aliyasema kwa mapacha, akiwafunga vifungo: twende tukatembee tu, hamwendi mbali. Alikaa chini kwenye majani mabichi, koti mapajani.

"Mimi pia walinivalisha koti," alisema. "Nilikuwa mdogo kama wewe. Jua lilikuwa kali. Waliniambia tunakwenda kutembea, na kaka yangu akabaki dirishani. Anaitwa Toader. Sijamwona tena."

Alikuwa analia sasa, na hakujifuta. Kisha ikasikika sauti ndogo kutoka kwenye rundo lililokuwa nyuma yake.

"Hukujificha?"

Saveta hakuthubutu kugeuka.

"Hapana. Niliingia garini nikakaa vizuri. Nilikuwa mtoto mtiifu."

Nyasi zikachakarika. Zamfira akatoka kinyumenyume, nywele zimejaa majani, meno yanagongana. Alisimama hatua chache mbali, akalitazama koti, akaitazama barabara.

"Lile gari la nani?"

"La Gavril. La mboga."

"Siingii."

"Basi hatuingii."

Gavril alirudi peke yake na koti la bluu kwenye kiti cha pembeni, akinung'unika kwamba amefanywa dereva wa nguo. Zamfira alivaa sweta ya Signe iliyomfika miguuni, na wote watatu wakatelemka kwa miguu hadi kituoni. Ndani ya treni Signe aliinuka mwenyewe, bila kuambiwa, akafunga dirisha. Hakuna aliyecheka.

Zamfira alikaa ubavuni mwa Saveta, ndani ya ile treni aliyoichungulia kila siku, wala hakutazama nje.

"Mama Saveta. Siku wakija kweli kunichukua, utaniambia?"

Saveta aliijua kazi yake: mlezi haruhusiwi kumwambia mtoto mapema. Alijua Bwana Hulubei angesema nini, na kwamba walezi wamefukuzwa kwa madogo kuliko hayo. Alijua pia kwamba siku hiyo huenda ikaja, maana makao yao, kama mengine, yalikuwa yanapunguzwa watoto. Aliogopa kuliko alivyoogopa mlimani.

"Nitakuambia," alisema. "Siku moja kabla."

Mtoto akafikiri.

"Siku mbili."

"Siku mbili," Saveta akasema, na akamshika mkono kwa nguvu hadi walipofika nyumbani.