Zamu ya Jumapili ya Bahati

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Salma, na jana ulinirudisha huko. Uliingia, ukavua viatu, ukasema mwenzako wa kazini kapandishwa cheo, kisha ukaongeza kwa Kiingereza kwamba umefurahi sana. Nikautazama uso wako. Uso ule naujua, niliuvaa mimi mama yako ukiwa bado mdogo.

Nilifanya kazi ya mitandao katika kampuni ndogo kule Fairfax, tukiangalia mtandao wa nyumba ya wazee iliyoko Oxon Hill. Mlangoni mwa mtandao kuna firewall, mlinzi anayekumbuka kila mazungumzo yaliyo wazi kati ya walio ndani na walio nje. Hayo tuliyaita sesheni. Kumbukumbu yake ikijaa, mwenye jambo jipya hapiti, hata kama ni muuguzi anayetafuta maelezo ya dawa za mgonjwa. Basi kila asubuhi niliingia nikasoma idadi kwa macho yangu, na bosi akipita mezani kwangu aliniuliza, "Tuko salama?" Usicheke. Swali lile lilikuwa fahari yangu yote.

Kisha akaja Bahati, kijana wa Bukavu, mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Akaandika kiprogramu cha kupachika kwenye mfumo wetu wa kufuatilia mtandao. Kikawa kinaiuliza firewall kila mara ina sesheni ngapi, kinachora mstari kwenye skrini ya ukutani, na zikikaribia kujaa kinatuma ujumbe kwenye simu. Kuanzia hapo bosi akawa anatazama ukuta. Mezani kwangu hakupita tena. Nilimwonea Bahati wivu mpaka chakula kikanishinda. Nilichukia shati lake, nikachukia hata anavyosema aksanti badala ya asante. Na wakati huo kiongozi wa timu alikuwa anatafutwa, nafasi niliyokuwa nikiingoja mimi.

Ila tulikuwa na mpango wetu. Ijumaa nikienda msikitini, yeye alinishikia zamu. Jumapili yeye akienda kanisani, kwenye ibada isiyojua kuisha, nilimshikia mimi.

Jumapili hiyo nilikuwa Silver Spring kwa shangazi yangu Bi Rukia, tunakula pilau. Simu ikalia: sesheni za Oxon Hill zinakaribia kujaa. Nikajiambia kiprogramu kimekosea. Hapana, sikusema kweli. Niliomba kiwe kimekosea, ili kesho bosi arudi mezani kwangu. Nikailaza simu kifudifudi. Ikalia tena, nami nikatabasamu.

"Mbona wacheka peke yako na simu yalia?" akauliza Bi Rukia.

"Mashine ya Bahati hiyo, shangazi. Imeanza kuropokwa."

"Bahati si ndiye akushikiaye Ijumaa?"

"Ndiye."

"Akushikia vipi?"

"Vizuri," nikakiri. Hakuna Ijumaa niliyotoka msikitini nikakuta kazi imeharibika.

"Basi nawe mshikie vivyo hivyo." Akaiondoa sahani mbele yangu. "Pilau utaikuta."

Nikafungua kompyuta. Kiprogramu kilikuwa kinasema kweli, na chanzo nilikuwa mimi! Wauguzi walikuwa wamelalamika kwamba mfumo unawatoa upesi, nami Ijumaa nikaurefusha mno muda wa sesheni kukaa wazi bila kutumika, nikaenda zangu kuswali. Zilizoachwa hazikufungwa, zikarundikana. Nikarudisha muda wa zamani, nikazifuta, mstari ukashuka. Nilimpigia muuguzi wa zamu, akasema kwao kila kitu kinakwenda.

Jumatatu Bahati akaja mezani kwangu, bosi akiwa nyuma yake. "Dada, kisha ibada niliona ma-alerte mingi kwa simu. Ni programu yangu iliharibika?"

Ningesema ndiyo, angeamini. Wote wawili wangeamini.

"Programu yako ni nzima," nikasema. "Aliyeharibu ni mimi."

"Aksanti sana, dada," akasema, na safari hii neno lile halikunichukiza. Baadaye uongozi akapewa yeye. Nilimpa mkono, nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Sasa nisikilize. Sikuambii usione wivu, maana mimi hadi leo nikipita Fairfax moyo unaniuma. Ukikujia, lia. Njoo jikoni kwangu umseme mwenzako mpaka uchoke, sitamwambia mtu. Lakini zamu yake ikiwa mkononi mwako, mshikie kama unavyotaka akushikie wewe, na simu yake ikilia, inuka. Kule Oxon Hill kulikuwa na wazee vitandani, hawanijui mimi wala hawamjui Bahati.

Mungu akupe moyo wa kuinuka, mwanangu, hata siku ambayo ungependa kubaki umekaa. Akupe na wewe cheo chako, na siku hiyo awepo mtu wa kukupa mkono kabla ya kwenda kulia. Haya, mpigie huyo mwenzako umpongeze. Chai yako nitaipasha.