Chokaa Juu ya Maandishi

Habiba alikuwa akichambua mchele nyumbani kwake Miono simu ya mdogo wake Ishaka ilipoingia. "Dada, Baba ametutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Miaka thelathini baba yao, Mzee Mwinjuma, alitunza gofu la msikiti mdogo wa mawe karibu na Mkange. Alifagia, aling'oa magugu, na wageni aliwasomea maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu ya kibla: mjenzi akimwomba kila apitaye amtakie rehema.

Mwaka juzi, Idi ilipokaribia, Habiba aliupaka ukuta ule chokaa kama wapakavyo makaburi ya wazee, akidhani anachuma thawabu. Herufi zikazibwa zote. Mzee alipoona alicheka kidogo: "Mwanangu, umemvisha mjenzi kanzu mpaka usoni!"

Tangu siku hiyo alikwenda kila asubuhi kuichokoa chokaa kwa chelewa, kijiti cha ufagio, herufi moja moja. Habiba aliona haya. Hakuomba radhi, wala hakwenda kumsaidia. Kila Ijumaa alisema atakwenda Ijumaa ijayo.

Alipofika msibani, Ishaka alimwambia, "Umebaki mstari mmoja. Baba alisema huo ni wako."

Maiti ilikwisha kukafiniwa. Wanawake walipoitwa kuaga, Habiba alipiga magoti. "Baba, niwie radhi." Uso ukafunikwa. Wanaume wakainua jeneza, wakaenda na tahlili mpaka makaburini. Yeye akabaki uani na wanawake, kama ilivyo desturi, na mstari wake ungali chini ya chokaa.