NOTEN au NOYSEN?

Watu wangu, leo nimejiaibisha mpaka masikio yakawaka moto.

Mzee ninayemhudumia hapa Sydney ni Myahudi. Shifti yangu ya Jumamosi ni kumsindikiza sinagogi.

Huko msomaji wa Torati akikosea neno, watu wanamsahihisha kwa sauti, papo hapo, na hakuna anayekasirika.

Sasa mimi, na Kiebrania changu cha miezi mitatu, cha kujifunza kwa simu...

Leo mzee ameitwa mbele aseme baraka ya Torati. Akafika kwenye neno "noten", yaani "mtoaji", akasema "noysen".

Nikapaza sauti: "NOTEN!"

Sinagogi zima likanigeukia. (Chekeni tu, nastahili.)

Mzee akarudia polepole, "Noysen," akaendelea.

Tukirudi nyumbani, akaniambia kwa upole, "Wewe umejifunza matamshi ya Israeli. Mimi nasema kama baba yangu alivyosema kule Poland. Sina hata picha yake. Nina hiyo 'noysen' tu."

Nikaomba msamaha. Akacheka.

"Na baba yako, alikuwa akisomaje?"

Jamani.

Baba yangu ni Mkikuyu wa Murang'a. Alikuwa akisoma Biblia kanisani, na kila L ikitoka R. Siku aliyosoma "Yesu akarara", vijana wenzangu waliangua kicheko. Mimi binti yake nilicheka kuwashinda wote, ili nisichekwe mimi.

Aliniona.

Mzee alikuwa bado anangoja jibu.

Nikamwambia sikumbuki.