Skii Pana za Baba

Naikumbuka siku moja ya baridi, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona kama mambo yake ndiyo kwanza yanatokea. Nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia ukizungumza na mkweo kwa simu, juu ya ile nyumba. Kila alilosema, wewe "sawa, mama," "sawa, mama," na uso wako ukisema mengine kabisa. Kaa hapa. Chai ipo.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Sugar Land, kule Texas, Marekani, baba yangu akiendesha teksi Houston. Mzanzibari yule alikuwa hapiti penye kitu cha bei rahisi asikinunue. Babako, Rashid, alikuwa kijana wa Mombasa anayeishi Irving, kando ya Dallas, na kazi yake ilikuwa kichekesho kwetu sote: fundi wa duka la skii. Usicheke. Dallas haina mlima, lakini watu wake wakipata likizo huingia magarini wakaenda New Mexico, wakavaa zile mbao mbili miguuni na kuteleza juu ya theluji. Rashid alizinoa kingo zake za chuma na kuzipaka nta, na kila mwaka mwenye duka aliwapeleka mafundi wake mlimani. Huko akajifunza, akawa hodari.

Akaleta posa. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Mtu humjui mpaka usafiri naye. Twendeni huko kwenye barafu yake tukamtazame." Wiki nzima chakula kilinishinda. Nilimpenda yule kijana, nalisema waziwazi, na baba akishasema hapana harudi nyuma.

Tulipofika Irving kumchukua, baba akafungua nyuma ya gari akatoa zawadi. Skii! Alizipata kwa abiria mmoja aliyekuwa akihama nyumba. Zilikuwa ndefu kuliko Rashid mwenyewe, na pana, nusura upigie nguo pasi juu yake. "Hizi ndizo za wanaume," baba akasema, "si vile vijiti vyako." Rashid akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea dua. Akaingia nazo dukani kurekebisha vishikizo ili viatu vyake viingie, na zile zake nyembamba akaziacha ukutani.

Nikamfuata ndani. "Zinafaa?"

"Hazifai. Hizi ni za theluji laini isiyokanyagwa, ndiyo maana ni pana, zisizame. Kule twendako mlima washindiliwa kwa mashine, asubuhi ni mgumu kama sakafu, tena umejaa watu. Pale wataka skii nyembamba hapa kiunoni, uweze ku-turn upesi, kona fupi fupi. Hizi mpaka zigeuke, ushafika kwa watu."

"Basi mwambie."

"Nimwambie babako? Zuhura, mimi nimekuja kuomba mke, si kusahihisha wazee. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Njiani nikamnong'oneza mama. Akanifinya paja. "Nyamaza wewe. Zawadi ya mkwe hairudishwi." Basi tukaenda hivyo, baba akitoa visa vya abiria wake na kucheka peke yake, Rashid akiitikia "naam, mzee," na mimi nikizitazama zile mbao zilizolala katikati ya viti. Niliomba gari liharibike. Halikuharibika.

Mlimani tulisimama chini, penye kamba ya kuzuia watazamaji. Mama alivaa koti juu ya koti na buibui juu ya yote, kamera mkononi. Rashid akaonekana juu, akaanza kushuka, na hata mimi nisiyejua kitu nikaona mambo si mazuri. Watelezaji wengine walikuwa wakikata kona ndogo ndogo, wakipishana na watu bila wasiwasi. Yeye kila kona ilimlia mlima mzima, kutoka ukingo huu hadi ule, na kasi ikizidi.

"Mwone!" baba akasema kwa furaha. "Simba!"

Mama naye, ili picha itoke vizuri, akapita chini ya kamba akasogea mbele.

Wanafunzi wa skii wakakatiza njia. Rashid akawakwepa, na kule kuwakwepa kukamleta moja kwa moja kwa mama, ambaye jicho lake lilikuwa ndani ya kamera. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Nafasi ilitosha kona fupi moja, na zile skii zikakataa. Rashid akajitupa ubavu, akapiga uzio wa mbao hatua chache kutoka miguuni pa mama. Mlio wa ule mguu ukivunjika ningali nausikia.

Kwenye zahanati ya hapo chini wakamfunga plasta. Baba akaziokota zile skii, akaziweka mbele yake.

"Vitu hivi ndivyo vilivyofaa?"

Rashid akanitazama kwanza. "La, mzee."

"Ulijua?"

"Nilijua. Tangu ulipovitoa garini."

"Wewe ndiye fundi! Mie dereva wa teksi, skii nimezishika mara ya kwanza juzi. Mbona hukunambia?"

"Niliona ndiyo adabu, mzee. Asiyesikia la mkuu..."

"Methali imesema usikie! Haikusema usijibu. Haya, leo umesikia la mkuu, guu limevunjika, na mke wangu nusura afe. Kijana, mie nitakosea tena. Nitakosea juu ya nyumba yenu, nitakosea juu ya watoto wenu. Ukiniogopa kwa mbao mbili, binti yangu utamlinda vipi na makosa yangu?"

Baba akasema posa ataifikiria upya, akatoka. Mimi nikageukia ukutani nikalia.

Asubuhi tukaanza kurudi. Baba alikuwa amekesha kitini, lakini nani angemwambia asiendeshe? Nyumbani kwetu baba hakuambiwa. Mchana, kwenye zile tambarare zisizokwisha za Texas, nikaona kwenye kioo macho yake yanafumba. Gari likavutwa pembeni, akalirudisha. Likavutwa tena. Mama akawa ameshika tasbihi kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine.

"Mzee, simamisha gari." Ilikuwa sauti ya Rashid, kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa.

"Umesema?"

"Unasinzia, mzee. Tafadhali mpe Zuhura aendeshe."

Tasbihi ya mama ikasimama. Nikajua yamekwisha, nimekosa mume. Baba akaendelea kwenda kidogo, kisha akakata kuingia kituo cha mafuta. Akashuka, akafungua mlango wangu, akaniwekea funguo mkononi. Mama akahamia nyuma, na baba alipokwisha kufunga mkanda kando yangu akasema, bila kugeuka nyuma, "Mahari tutazungumza tukifika." Hatujaingia vizuri barabarani, akawa anakoroma.

Sasa nisikilize, mwanangu. Zawadi ya mkubwa ipokee kwa mikono miwili, ushukuru kwa dhati. Lakini skii huchaguliwa kwa mlima unaoushuka. Aliyekupa, hata akupende vipi, hatashuka kwa miguu yako. Nyumba ile anayokuchagulia mkweo huitaki, ni mbali na kazi yako, na mumeo ndiyo kwanza anaanza kazi ya usiku. Mwambie leo, kwa sauti ya chini na maneno mazuri, kabla hamjatia saini. Huenda akanuna. Kununa hupoa, ila mguu wa babako mpaka leo baridi ikiingia haumwachi alale.

Mungu akupe ulimi mpole na moyo usiotetemeka, na akujaalie wakwe wanaojua kusimamisha gari, kama babu yako. Chai imalize. Simu ile pale.